Watoto wa Lübeck

Msomaji, pandisha mkono wa kushoto wa shati lako, utazame ngozi iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Ikiwa ulizaliwa hospitali, au ulipelekwa kliniki ungali mchanga, yamkini utaona kovu dogo la mviringo ambalo hukumbuki ulivyolipata. Hilo ni kovu la chanjo ya kifua kikuu. Jina lake ni BCG, na herufi mbili za mwisho ni za majina ya Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin. Mabwana hawa, tangu mwaka wa 1908 hata mwaka wa 1921, waliotesha vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa nyongo, wakavihamisha kutoka chombo hata chombo mara 230, mpaka vikapoteza ukali wao. Miaka kumi na mitatu ya kuhamisha vijidudu! Mtu asiye na subira asifikiri kuwa elimu ya tiba ni kazi inayomfaa.

Kovu hilo lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ni ya msiba. Nakueleza msiba huo kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo wanadamu walikuwa wakijiuliza tangu zamani, tena wakilijibu vibaya: watu wawili wakiingiwa na kijidudu kile kile, kwa nini mmoja hufa na mwenzake akaishi?

Lübeck ni mji wa kale wa biashara katika kaskazini ya Ujerumani, karibu na bahari ya Baltiki. Mwaka wa 1929 wakubwa wawili wa tiba mjini humo waliafikiana kwamba watoto wachanga wapewe chanjo mpya. Mmoja alikuwa Profesa Georg Deycke, mkuu wa hospitali, na wa pili Dokta Ernst Altstaedt wa idara ya afya. Nia yao haikuwa mbaya hata kidogo. Kifua kikuu kilikuwa kikiua watoto wengi Ulaya siku hizo, na dawa ya kukitibu haikuwapo. Mbegu ya chanjo iliagizwa kutoka Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ikafika salama, ikaoteshwa katika maabara ya hospitali. Tangu Desemba 1929 watoto wakaanza kupewa. Zamani hizo haikupigwa sindano kama ulivyopigwa wewe. Mtoto alinyweshwa kwa mdomo, mara tatu, katika siku kumi za kwanza za maisha yake.

Lakini maabara ile ile ilihifadhi pia vijidudu vikali vya kifua kikuu cha binadamu, vilivyotoka mji wa Kiel. Uangalizi ulikuwa mdogo, na chanjo haikujaribiwa kwa wanyama kabla ya kupewa watoto. Mahali fulani katika kazi ile ya kila siku, ya kujaza na kuhamisha na kufunika, vijidudu vikali vikaingia mahali pa vile vilivyopoozwa. Mkono uliofanya hivyo haukujua unalofanya. Wazazi nao, waliotaka kuwakinga watoto wao, waliwanywesha sumu kwa shukrani.

Katika Aprili 1930 watoto wakaanza kufa. Chanjo ikasimamishwa, lakini watoto 251 walikuwa wamekwisha kuinywa. Kwa kuwa vijidudu viliingia kwa kinywa, maradhi yaliwashika matumboni, katika tezi za shingo na hata masikioni. Watoto 72 walikufa kwa kifua kikuu. Habari hiyo ilisikika duniani kote, na wengi wakamlaumu Calmette, wakidai kuwa vijidudu vyake vilirudia ukali wa asili. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbegu ya Paris haikuwa na hatia, na kosa lilifanyika Lübeck. Kesi ilisikilizwa tangu Oktoba 1931 hata Februari 1932, Deycke akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na Altstaedt miezi kumi na mitano. Katika mwaka wa 1931 serikali ya Ujerumani ilitoa kanuni za kuwalinda watu na majaribio ya tiba bila ya ridhaa yao. Miaka michache baadaye kanuni hizo zilikanyagwa na Wajerumani wenyewe kwa namna ambayo dunia haijaisahau, lakini hilo tutaligusa mbele kidogo.

Sasa tazama hesabu upande wake wa pili, kwa maana ndiko fumbo liliko. Watoto 251, na waliokufa 72. Wengine 173 walionyesha dalili za maradhi, kisha wakapona. Walipona bila ya dawa, kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu hivyo haikupatikana mpaka mwaka wa 1943, streptomisini ilipogunduliwa. Hawa walikuwa watoto wa siku chache, viumbe dhaifu kupita wote, walionyweshwa vijidudu vikali mara tatu. Na wengi wao waliishi.

Utasema, pengine waliopona walinyweshwa kidogo. Umesema vema, na sehemu ya jibu ni hiyo. Wataalamu waliozipitia upya kumbukumbu za Lübeck, wakachapisha maoni yao mwaka wa 2016, waliona kwamba uchafu katika chanjo haukuwa sawa kila siku, na kadiri ulivyozidi ndivyo vifo vilivyozidi. Walakini kipimo cha sumu hakimalizi hesabu yote. Miongoni mwa walionyweshwa vijidudu vingi walikuwamo waliopona. Kitu kingine kilikuwa kikifanya kazi, nacho kilikuwa ndani ya watoto wenyewe.

Wazee wa zamani wangelisikia neno hili wasingelistaajabu. Kabla ya mwaka wa 1882 waganga wengi wa Ulaya ya kaskazini waliamini kabisa kwamba kifua kikuu ni maradhi ya nasaba, mtu huyarithi kama anavyorithi pua ya babu yake. Na kweli walikuwa na mambo ya kuonyesha. Chukua jamaa ya Brontë, ambao dada watatu kati yao ni waandishi mashuhuri wa Kiingereza. Dada zao wakubwa wawili walikufa mwaka wa 1825 wangali watoto. Katika Septemba 1848 akafa kaka yao Branwell, katika Desemba mwaka huo huo akafa Emily, na katika Mei 1849 akafa Anne. Jirani aliyeviona vifo hivyo katika jamaa moja angeliweza kusema nini, ila kwamba damu ya watu wale ina kasoro?

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaonyesha kijidudu chenyewe. Kifua kikuu kikawa maradhi ya kuambukizwa: mgonjwa hukohoa, vijidudu huelea hewani, mwingine huvivuta. Jamaa ya Brontë walikuwa wakila meza moja na kuvuta hewa moja. Mambo ya nasaba yakatupwa kapuni, na ilistahili yatupwe kwa namna yalivyokuwa yakisemwa. Ila kuna hatari katika kutupa: mara nyingine hutupwa chombo pamoja na kilichomo. Madaktari walipopata njia ya kuwapima watu wenye afya, waligundua jambo la kushangaza. Watu wengi mno walikuwa wamekwisha kuingiwa na kijidudu, na wachache tu waliugua. Hata leo inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuingiwa nacho, na kati ya mia moja wa hao ni watano hadi kumi tu watakaougua katika maisha yao. Wengine hufa wazee kwa sababu nyingine, wasijue kamwe kwamba walikuwa na mgeni kifuani.

Basi ni vipi mtu atatenganisha nyumba na damu, ikiwa watu wa damu moja aghalabu hukaa nyumba moja? Njia moja ni mapacha. Wako mapacha waliotoka katika yai moja, ambao urithi wao ni mmoja. Na wako waliotoka katika mayai mawili, ambao hufanana kama ndugu wengine wowote. Wote hulelewa pamoja. Mwaka wa 1943 Franz Kallmann na David Reisner walitoa hesabu zao kutoka jimbo la New York: pacha mmoja akiugua kifua kikuu, pacha mwenzake wa yai moja aliugua pia kwa kiasi cha 87 katika mia, lakini pacha wa mayai mawili kwa kiasi cha 26 tu. Hesabu hizo zilikuwa na dosari, kwa maana mapacha wa yai moja hukaa karibu zaidi, mara nyingi hata kitanda ni kimoja. Mwaka wa 1978 George Comstock alizipitia hesabu nyingine zilizokusanywa Uingereza, akazisawazisha kwa uangalifu. Tofauti ikapungua, lakini haikutoweka. Pacha wa yai moja alibaki katika hatari iliyo kama mara mbili ya ile ya mwenzake wa mayai mawili.

Njia ya pili ni wanyama, kwa kuwa hao waweza kuozwa upendavyo. Katika Philadelphia, Marekani, daktari mmoja jina lake Max Lurie alizalisha sungura kwa ukoo, vizazi baada ya vizazi, akawaweka wazima pamoja na wagonjwa chumba kimoja, wavute hewa moja. Koo nyingine ziliteketea upesi. Koo nyingine zilistahimili muda mrefu, na maradhi yao yalikuwa madogo, yamejifungia sehemu moja ya pafu. Sungura hawa walikula chakula kimoja, walilala pamoja, na hapana aliyeweza kusema kuwa mmoja alikuwa maskini kuliko mwenzake.

Hapa, msomaji, nakuomba uende polepole, kwa maana ukweli mdogo ukishikwa na mtu mwenye haja yake huweza kufanywa uwongo mkubwa. Wajerumani Karl Diehl na Otmar von Verschuer nao walichunguza mapacha na kifua kikuu, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1933. Mwaka huo ndio Hitler aliposhika utawala. Von Verschuer aliendelea kupanda cheo katika elimu ya urithi ya utawala ule, na msaidizi wake mmoja, Josef Mengele, alikwenda katika kambi ya Auschwitz, akawachagua mapacha miongoni mwa wafungwa, akawafanyia mambo ambayo sitayaandika katika kitabu cha shule.

Karibu na kwetu, uwongo ulichukua sura nyingine. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, vijana wa Kiafrika walioajiriwa kutoka Basutoland, Msumbiji na Nyasaland waliingia wazima wakatoka wakikohoa. Madaktari wengi wa zama hizo walieleza kwamba Mwafrika ni kama shamba ambalo halijalimwa: kwa kuwa mababu zake hawakukutana na maradhi haya kwa karne nyingi kama mababu wa Mzungu, damu yake haina kinga. Maelezo hayo yalikuwa matamu sana kwa wenye migodi. Ikiwa kasoro i katika damu ya mfanyakazi, basi haimo katika vumbi la mawe linalokata mapafu yake, wala katika bweni walimorundikwa watu wengi chumba kimoja, wala katika chakula, wala katika desturi ya kumrudisha mgonjwa kwao akafie huko na kuwaambukiza wanawe. Hakuna gharama ya kulipa. Mimi naona kwamba nadharia inayompunguzia gharama yule anayeitoa yastahili kupimwa mara mbili.

Ilipopimwa, ilionekana imepwaya. Vifo vya kifua kikuu katika Uingereza vilishuka sana tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, miaka mingi kabla ya dawa na kabla ya chanjo kuenea. Urithi wa watu haubadiliki katika vizazi vitatu au vinne kwa kadiri hiyo; kilichobadilika ni nyumba, chakula na kuwatenga wagonjwa. Tena wataalamu wa leo wanaochunguza nasaba za vijidudu vyenyewe wameona kwamba ndugu wa kale na wa aina nyingi zaidi wa kijidudu hiki hupatikana katika pembe ya Afrika, hasa Djibouti, na wengi wao hukubali kuwa asili yake ni bara hili. Lile shamba lililosemwa halijalimwa huenda ndilo lililolimwa kwanza kuliko yote.

Kwa hiyo mtu asiulize taifa gani lina kinga. Tofauti tunayoitafuta hupita katikati ya kila taifa, kila kijiji, hata tumbo moja la mama. Ilipita katikati ya watoto wa Lübeck, waliokuwa wa mji mmoja.

Ili uelewe ni tofauti ya namna gani, yakupasa ujue kwanza vita vinavyopiganwa. Kijidudu kikivutwa hadi ndani ya pafu, chembe nyeupe ya damu hukimeza. Vijidudu vingi huishia hapo. Hiki hakiishi, chaweza kukaa ndani ya chembe iliyokimeza na kuzaana humo, kama mwizi aliyemezwa na nyumba akageuka mpangaji. Chembe hiyo haina nguvu ya kutosha kukiua mpaka ipate amri kutoka kwa chembe nyingine, na mjumbe mkuu wa amri hiyo ni kitu kiitwacho intaferoni gama. Mjumbe akitumwa kwa uchache, au akifika asifunguliwe mlango, mpangaji huvunja nyumba.

Maelekezo ya kutengeneza mjumbe na mlango wake yameandikwa katika jeni, yaani vipande vya urithi ambavyo kila mtu amepewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka wa 1993 Emil Skamene na Philippe Gros, pamoja na wenzao mjini Montreal, waliitambua katika panya jeni iliyowafanya baadhi yao kustahimili vijidudu vya BCG na wengine kushindwa. Wataalamu wakaitafuta ndugu yake katika wanadamu, na mwaka wa 1998, huko Gambia, ikaonekana kwamba baadhi ya sura za jeni hiyo ziliwapata wagonjwa wa kifua kikuu mara nyingi zaidi kuliko wazima. Nyuma kidogo, mwaka wa 1996, zilitangazwa habari za mtoto wa Tunisia aliyepewa BCG safi kabisa, isiyo na uchafu wowote, akafa kwayo. Nakala zake zote mbili za jeni ya mlango wa intaferoni gama zilikuwa zimeharibika. Kwake yeye, hata kijidudu kilichohamishwa mara 230 kilikuwa kikali kupita kiasi. Watoto wa namna hiyo ni adimu mno, na chanjo hiyo imewaokoa wengi na kifua kikuu cha ubongo. Lakini kifo cha huyo mmoja kiliwafundisha madaktari mahali pa kutazama.

Baadaye ikapatikana kasoro isiyo adimu hivyo. Mwaka wa 2018 ilielezwa sura moja ya jeni iitwayo TYK2. Mwenye nakala moja yake hana neno. Mwenye nakala mbili hutoa intaferoni gama kwa uchache, na hatari yake ya kuugua kifua kikuu huzidi. Katika Ulaya yasemekana mtu mmoja katika kila 600 anazo mbili. Mwaka wa 2021 wataalamu walitoa habari za mabaki ya watu wa kale wa Ulaya zaidi ya 1,000, waliosomwa urithi wao kutoka katika mifupa na meno. Wakaona kwamba sura hiyo ya TYK2, iliyozaliwa miaka kama 30,000 iliyopita, ilianza kupungua sana katika miaka 2,000 ya mwisho. Waliokuwa na nakala mbili walikufa kabla ya kuacha watoto, kizazi baada ya kizazi, bila ya yeyote kujua sababu. Na makaburi yao yakatunza hesabu.

Usije ukadhani kwamba jeni hizi ndizo zinazojaza wodi zetu. Njaa, ukimwi, kisukari, moshi na vyumba visivyo na madirisha huleta wagonjwa wengi kuliko TYK2, na hayo yote mtu aweza kuyafanyia kazi bila ya darubini. Lakini elimu hii ina upande mwingine ambao mimi naupenda zaidi, nao ni wa wale wasiougua.

Kampala, tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Makerere pamoja na wenzao wa Cleveland, Marekani, wamekuwa wakienda nyumbani kwa wagonjwa na kuwapima watu wanaoishi nao, ambao wengi hulala chumba kimoja. Wengi wa watu hao, kipimo cha ngozi kilionyesha kuwa wamekwisha kuingiwa na kijidudu. Wachache walipimwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, na kila mara ngozi yao ilikaa kimya kama ya mtu ambaye hajawahi kukutana na mgonjwa. Yawezekana vipi, nao wamelala kando ya kikohozi miezi kadha wa kadha? Mwaka wa 2019 yakatolewa majibu ya damu yao. Ndani yake mlikuwa na alama za wazi kwamba kijidudu walikutana nacho, na miili yao ilikitambua. Ila chembe zao hazikumtuma intaferoni gama, mjumbe yule tuliyemwona kuwa ndiye tegemeo. Walikuwa wamekishinda kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo inayotafutwa sasa, na wanaoitafuta wamo watu wa Kampala wenyewe.